Omega Speedmaster: nichukue mashine ya 861 ya zamani au 3861 ya sasa?

MwanafunziWaSaa

Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Nimeweka akiba kwa miaka mitatu ili ninunue Omega Speedmaster moja, nami sasa nimefika njia panda. Muuzaji ninayemwamini ana saa ya mwaka 1971 yenye mashine ya 861, iliyotunzwa vizuri na ambayo uso wake haujaguswa. Nikiongeza kiasi kisicho cha kuniumiza sana, ninaweza kuagiza mpya kabisa yenye mashine ya 3861. Kwa macho, saa hizi ni ndugu wa tumbo moja: uso mweusi, vidaira vitatu, vitufe viwili, na zote hutiwa ufunguo kwa mkono. Tofauti yote iko ndani, na huko ndani ndiko nisikokujua.

Nimesoma mengi, ila kila maelezo huanza kwa kuisifu mashine ya 321, ile iliyokwenda mwezini, na huishia kwa kusema kwamba kila toleo lina uzuri wake. Jibu la namna hiyo halimsaidii mtu mwenye fedha ya saa moja tu. Gurudumu la nguzo linalosifiwa katika 321 lilikuwa na faida gani hasa, na kama lilikuwa bora, kwa nini kiwanda kililiacha mwaka 1968 kikaweka vipande bapa viitwavyo kemu? Je, 3861 ni mashine mpya kweli, au ni 861 ileile iliyovishwa kanzu nyingine? Na swali ambalo kwangu ndilo zito: nikiwa hapa Mombasa, ni ipi kati ya hizi mbili ambayo fundi wa kawaida ataweza kuifungua miaka kumi ijayo bila kuiharibu?

FundiMstaafu

Ndugu yangu, nilitengeneza saa kwa zaidi ya miaka thelathini kabla macho hayajaanza kunisaliti. Mashine za 861 nimezifungua nyingi kiasi cha kuzijua kwa vidole. Za 321 ni chache, na 3861 nimeitazama tu ikifunguliwa na kijana niliyemfundisha kazi, kwa hiyo upime maneno yangu kwa kadiri hiyo.

Nianzie pale ambapo watu wengi huchanganya. Kronografu, yaani ule mfumo wa kupima muda kwa kuanzisha na kusimamisha, ina kazi mbili zilizo mbali mbali, kuamuru na kuunganisha. Kinachoamuru ni ama gurudumu la nguzo ama kemu: ukibonyeza kitufe, hicho ndicho kinachoamua wenzo upi uinuke na upi ushuke. Kinachounganisha ni klachi, yaani gurudumu lenye meno membamba sana linalosogezwa kutoka pembeni hadi likamatane na gurudumu la akrabu ndefu ya sekunde. Utawasikia watu wakisema kwamba gurudumu la nguzo huifanya akrabu ianze bila kuruka. Si kweli. Kuruka kunatoka kwenye klachi, kwa sababu meno yakikutana ncha kwa ncha lazima upande mmoja uteleze, na klachi ya pembeni imo katika 321, katika 861, katika 1861 iliyofuata, na hata katika 3861 ya leo. Anayetaka mwanzo usioruka atafute klachi ya wima, ambayo hushikana kwa msuguano wa sahani kama klachi ya gari, na ambayo Seiko waliitia katika mashine yao ya 6139 mwaka 1969.

Sasa nirudi kwa 321. Ilibuniwa na Albert Piguet katika kiwanda cha Lemania, huko Vallée de Joux nchini Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati Lemania na Omega zilikuwa tayari chini ya mwavuli mmoja. Kipenyo chake ni milimita 27, ina mawe 17 ya kupunguza msuguano, na hupiga mapigo 18,000 kwa saa. Gurudumu lake la nguzo huchongwa kutoka kipande kimoja cha chuma: chini meno, juu nguzo ndogondogo zilizosimama kama boma. Nyenzo zinazolizunguka hutakiwa kusuguliwa na kupatanishwa nalo moja moja, na kazi hiyo haiharakishwi. Ikifanywa vizuri, malipo yake huyapata kidole, kwani uzito wa kitufe cha kuanzisha ni uleule unaposimamisha. Katika 861, ambayo watu wa Lemania wenyewe waliiita 1873, kemu ni vipande bapa vilivyokatwa kwa kalibu, cha leo sawasawa na cha kesho, na kitufe huwa kizito kidogo wakati wa kuanzisha.

Kwa hiyo kiwanda hakikuacha gurudumu la nguzo kwa kuwa lilishindwa kazi. Kililiacha kwa sababu ya gharama na wingi, maana wanunuzi waliongezeka na mafundi wa kusugua nyenzo hawakuongezeka. Lakini usiseme kwamba 861 ni 321 iliyoshushwa hadhi. Mapigo yalipandishwa hadi 21,600 kwa saa, na gurudumu la mizani, lile linalocheza huku na huko kuhesabu wakati, likienda kasi zaidi halisumbuliwi kwa urahisi na mtikisiko wa mkono. Isitoshe, ukiifungua 861 ukaisafisha na kuirudisha, hurudi mahali pake bila kukubembeleza. Ile ya 321 hukudai kupima kina cha meno ya klachi, kurekebisha, kupima tena, na fundi asiye na subira huiacha akrabu ikitetemeka au, vibaya zaidi, ikiiba nguvu ya gurudumu la mizani kila kronografu inapowashwa.

Niseme na hili kwa wale wanaopima thamani ya saa kwa gurudumu la nguzo peke yake. Mashine ya Kichina ya ST19, inayotengenezwa Tianjin na kutiwa katika saa za bei ya chini kabisa, ina gurudumu la nguzo, kwa kuwa asili yake ni Venus 175 ya Waswisi, ambayo mitambo yake Wachina waliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa upande wa pili, mashine ya Uswisi ya Valjoux 7750 iliyotoka miaka ya 1970 huamriwa na kemu, na imo ndani ya saa za Breitling na IWC ambazo wewe na mimi tungeziota tu.

Jambo moja la 861 utalisikia likidhihakiwa. Baada ya matoleo ya mwanzo, wenzo wa breki, ule unaoizuia akrabu isitembee kronografu ikizimwa, ulianza kutengenezwa kwa plastiki ngumu badala ya chuma. Sura yake ni mbaya, sikatai. Hata hivyo hauhitaji mafuta, haupati kutu, na katika miaka yangu yote sikuona uliovunjika wenyewe bila bisibisi ya mtu kuupitia.

Kuhusu 1861 sina mengi. Iliingia katikati ya miaka ya 1990, ikabadilishwa rangi kutoka ile ya shaba hadi nyeupe ya rodiamu, ikaongezwa jiwe moja kufika 18, na spea zake kwa sehemu kubwa hukubali kuingia ndani ya 861. Kwa fundi wa Mombasa hiyo ni neema, kwa sababu spea za mashine iliyotengenezwa kwa zaidi ya nusu karne hazitapotea sokoni hivi karibuni. Ningekuwa wewe, ningechukua ya 1971.

KaziNaWakati_Muscat

Fundi ameeleza kwa namna ambayo sina budi kumshukuru. Nina 321 ya mwaka 1966 na 3861, zote mbili nazivaa, na ningependa kuongeza mambo ambayo mvaaji huyaona hata asipofungua kifuniko.

Mapigo 18,000 kwa saa ni matano kwa sekunde. Ndiyo maana uso wa Speedmaster ya 321 uligawa kila sekunde kwa mistari mitano, na akrabu ikisimamishwa hutua juu ya mstari. Mashine ya 861 ilipoingia, mapigo yakawa sita kwa sekunde, lakini uso haukubadilishwa: mistari ikabaki ileile mitano, na kwa miaka hamsini na zaidi akrabu za saa hizo zimekuwa zikitua kati ya mistari isiyo yao. Hakuna aliyekosa basi kwa ajili hiyo, ila ni kasoro, na inashangaza kwamba wanaosifu uaminifu wa saa hii hawaitaji. Mwaka 2021, Speedmaster ya kawaida ilipopewa 3861, mistari ikawa sehemu tatu kwa kila sekunde, na kila sehemu hubeba mapigo mawili. Hesabu ikarudi mahali pake.

Jambo la pili ni kuseti saa. Katika 321, 861 na 1861, ukivuta kifundo cha kutia ufunguo, akrabu ndogo ya sekunde huendelea na safari yake. Katika 3861 husimama, hivyo unaweza kuilinganisha na saa ya redio kwa sekunde kamili. Mtu ambaye hupenda kupima saa yake inapoteza kiasi gani kwa siku ataliona hilo tangu asubuhi ya kwanza.

Kuhusu mwezi, ningemwomba mwuliza swali asilipie hadithi ambayo haimo ndani ya saa anayoitaka. Saa za wanaanga Armstrong na Aldrin, waliotua mwezini mwezi Julai 1969, zilikuwa na mashine ya 321. Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo, kwa hiyo iliyokanyaga mwezini kwanza ni ya Aldrin, ambayo baadaye ilipotea ilipokuwa ikipelekwa jumba la makumbusho la Smithsonian huko Marekani. Maneno yaliyochongwa mgongoni mwa Speedmaster za baadaye, kwamba ni saa ya kwanza kuvaliwa mwezini, ni ya kweli kwa jina la saa, si kwa mashine ya 861 iliyo chini yake. Na wanaoitaka 321 hasa, kiwanda kiliirudisha mwaka 2019. Ili kuijenga upya waliipiga picha za tabaka kwa tabaka mashine iliyomo ndani ya saa ambayo Gene Cernan alikwenda nayo mwezini katika safari ya Apollo 17, na sasa kila moja huunganishwa na fundi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bei yake nitainyamazia kwa ajili ya afya ya wasomaji.

Pamoja na heshima zangu kwa fundi, nina wasiwasi na ushauri wake wa kuchukua ya 1971, kwa sababu saa kongwe huharibiwa na sevisi kuliko na umri. Ile yangu ya 1966 niliipeleka kwenye karakana moja yenye sifa, nikaandika kwa mkono wangu kwamba akrabu zisibadilishwe. Ilirudi iking'aa, ikitembea vizuri, ikiwa na akrabu mpya nyeupe pe, na za zamani hazikuonekana tena. Mashine ilipona, saa ikapoteza sura yake.

Gereji_Tanga

Mimi si fundi wa saa, ni makanika wa magari, lakini swali la kanzu mpya halijajibiwa bado, na linanihusu kwa sababu katika magari tunaliona kila siku: injini ileile, jina jipya. Je, ikiwa klachi ni ileile na kemu ni ileile, hiyo 3861 imebadilika nini cha kumfanya mtu aongeze fedha?

FundiMstaafu

Swali zuri, na ni kosa langu kuliruka. Mpangilio wa magurudumu na mfumo wa kuamuru kronografu ni ule wa ukoo wa 861. Kilichobadilishwa ni moyo.

Katika saa za zamani, eskepumenti, yaani sehemu inayoiachilia nguvu ya springi kuu kidogo kidogo, hufanya kazi kwa jiwe kuteleza juu ya jino la gurudumu. Kuteleza huko hudai mafuta, na mafuta yakichakaa, saa hubadilisha mwendo. George Daniels, fundi wa Uingereza, alibuni katika miaka ya 1970 eskepumenti ya aina nyingine, ambayo jino lake husukuma badala ya kuteleza, na Omega walianza kuitumia mwaka 1999. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya 3861. Springi ya mizani nayo si ya chuma tena, ni ya silikoni, ambayo sumaku haiishiki. Tena hakuna ile sindano ndogo ya kusogeza kati ya kasi na taratibu, iliyokuwa ikimwezesha kila fundi, na kila asiye fundi, kuichokoa saa apendavyo. Mwendo hurekebishwa kwa vizito vidogo vilivyo kwenye gurudumu la mizani lenyewe. Saa nzima hupimwa kwa kanuni za METAS, taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi, ambazo huitaka isipoteze hata sekunde moja kwa siku wala isizidi tano, na istahimili sumaku ya gausi 15,000, gausi ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku. Akiba ya nguvu, yaani muda inaotembea bila kutiwa ufunguo tena, ni saa 50, dhidi ya 48 za 1861, na hilo si la kujivunia.

Kwa hiyo, ndugu wa Tanga, fikiria injini yenye bloku ya zamani iliyopewa kichwa kipya na mfumo mpya wa mafuta. Si kanzu tu, wala si injini nyingine.

Ila ubora huo una kamba yake. Springi ya chuma iliyopinda mimi huinyoosha kwa kibano, nimefanya hivyo mara nyingi. Ya silikoni hainyooshwi: ikivunjika hubadilishwa, na spea za namna hiyo kiwanda hutoa kwa mafundi kilichowaidhinisha. Mafuta ya eskepumenti ya Daniels nayo huwekwa kwa kipimo na mahali maalumu, na anayebahatisha huirudisha saa ikiwa mbaya kuliko alivyoipokea. Basi jibu la swali la mwisho la mwenye mada ni hili: miaka kumi ijayo 861 ataifungua fundi wa mtaani mwenye adabu ya kazi, na 3861 itapanda ndege. Kuhusu akrabu za bwana wa Muscat, pole sana. Dawa ni kupiga picha saa mbele ya anayeipokea na kumtaka aandike kwenye risiti kwamba kila kilichotolewa kitarudishwa ndani ya kifuko.

MwanafunziWaSaa

Nawashukuru nyote, na hasa mzee fundi kwa kurudi mara ya pili. Nilikuwa nimeshaamua kuchukua ya 1971, mpaka nilipofika kwenye maneno ya sumaku. Sikutaja kazi yangu kwa kuwa sikujua kwamba inahusika: ninatengeneza spika, za magari na za kumbi za harusi. Kutwa nzima mkono wangu wa kushoto uko juu ya sumaku, na mara nyingine spika kubwa hunivutia bisibisi kutoka mkononi. Je, hilo linabadilisha chochote?

FundiMstaafu

Linabadilisha kila kitu, kijana wangu. Ungelisema mwanzo ningeokoa wino.

Katika ule mwanya ambamo koili ya spika hutembea, nguvu ya sumaku huweza kufika gausi elfu kumi. Nje ya mwanya hupungua haraka, lakini springi ya chuma ya 861 haihitaji hata sehemu ndogo ya hiyo. Ikishika sumaku, mizunguko yake hugandana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa hukimbia dakika nyingi kwa siku. Haiharibiki: mashine ya kuondoa sumaku ni ya bei ndogo, na kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Lakini kuiondoa sumaku kila Ijumaa ili irudi Jumatatu ni kujitafutia kazi ya pili.

Una njia mbili. Uchukue 861 na uivue kila uingiapo karakanani, bila kusahau hata siku moja. Au uchukue 3861 uivae kazini, ukijua kwamba sevisi yake haitafanyika Mombasa. Mimi ninayeipenda 861 ninakwambia uchukue ya pili, kwa sababu nimewaona watu wengi walioahidi kuvua saa.

Kama hujashawishika, fanya jaribio. Tafuta dira ndogo ya sindano, si ile ya kwenye simu, uiweke mezani mbali na spika zako, kisha uisogeze karibu nayo saa unayoivaa sasa kazini, uizungushe polepole. Sindano ikitikisika kidogo si hoja, kwa kuwa chuma chochote huivuta. Ikifuata saa upande mmoja na kuikimbia upande wa pili, saa yako ina sumaku.

KaziNaWakati_Muscat

Ninaunga mkono, nikiongeza kwamba 3861 hupatikana kwa kioo cha plastiki na kwa kioo cha yakuti. Kwa mtu anayeinama juu ya meza ya kazi, ya plastiki hukwaruzika upesi, ila mkwaruzo wake hutoka kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa. Ya yakuti haikwaruziki kwa urahisi, lakini ikipata pigo la pembeni huweza kupasuka vipande.

MwanafunziWaSaa

Nimeazima dira kwa nahodha jirani yangu. Saa ninayoivaa sasa ni ya springi, ya Kijapani, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiilaumu kwa kukimbia karibu dakika nne kila siku. Nilipoizungusha, sindano iliifuata upande wa kifundo kama mbuzi anayefuata majani, na nilipogeuza upande wa pili ikarudi nyuma. Kesho nitaipeleka ikaondolewe sumaku. Muuzaji wa ile ya 1971 nimempigia simu nikamwomba radhi, naye akasema ana mteja mwingine, mwalimu, asiyekaa karibu na spika. Nimeagiza 3861 ya kioo cha plastiki.